Aliyenusurika Hana Kesi ya Kujibu

Mtu akisema kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifutwe, jibu huja kabla hajamaliza sentensi: unataka kuhalalisha kujiua? Jibu hilo nimelisikia barazani kwenye kahawa, nimelisikia msikitini na kwenye mikutano ya watu waliosoma, kutoka kwa wazee ambao siwezi kuwavunjia heshima. Wanaamini kwa dhati kwamba uhai ni amana, kwamba hakuna aliyejiumba, na kwamba sheria inayomtia hatiani aliyejaribu kujiua ndiyo ngome ya mwisho baina ya kijana aliyekata tamaa na kaburi. Mawili ya kwanza nayakubali bila masharti. La tatu si kweli, na gharama yake inalipwa kwa roho za watu.

Kifungu chenyewe ni kifupi mno. Kinasema tu kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Adhabu hakitaji, kwa hiyo hutumika ile ya jumla ya makosa madogo, inayoweza kufika kifungo cha miaka miwili. Kenya walikuwa na pacha wake, kifungu cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alipotamka kwamba kinapingana na Katiba: kinabagua watu kwa sababu ya afya yao, kinawavunjia utu, kinawanyima haki ya matibabu. Waliofungua shauri hilo, wakiwamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, hawakuomba Wakenya wapewe haki ya kufa. Waliomba wagonjwa wasipandishwe kizimbani. Ni maombi mawili tofauti kabisa, na wanaotetea kifungu cha 217 wanafaulu kwa sababu tunawaachia wayachanganye.

Twende mapokezi ya hospitali yoyote ya wilaya, saa nane za usiku. Kijana analetwa na bajaji, kichwa kimelala mapajani mwa mama yake. Muuguzi anauliza: amekunywa nini, kiasi gani, tangu saa ngapi? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayomwokoa au kumpoteza. Mama anamtazama shemeji yake, shemeji anatazama sakafu. Wote wawili wanajua kwamba jibu la kweli lina fomu ya polisi, PF3, ndani yake, lina askari na jalada, na pengine lina pingu kwenye ukingo wa kitanda. Basi linatoka jibu jingine: bahati mbaya dada, alidhani ni juisi. Daktari anatibu ajali. Kijana akipata nafuu anaruhusiwa kurudi nyumbani kama mtu yeyote aliyepata ajali. Hakuna anayemuuliza kilichomsibu, hakuna anayempa tarehe ya kliniki, wala hakuna anayewanong'oneza ndugu kwamba kwa miezi hii wasimwache peke yake na wahakikishe sumu haibaki ndani ya nyumba. Na hakuna mtaalamu wa mambo haya asiyejua kwamba aliyewahi kujaribu mara moja ndiye aliye hatarini zaidi ya kujaribu tena.

Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na kifungu cha 217 siku ambayo hakuna aliyeshtakiwa. Watetezi wake hupenda kusema kesi zenyewe ni chache, hakimu huwa na huruma, mshtakiwa huonywa na kuachiwa. Sibishi. Uchache wa kesi haumpunguzii yule mama hofu hata kidogo, kwa sababu yeye hakusoma takwimu za mahakama. Anachojua ni kwamba mwanawe ametenda jinai. Amejifunza kudanganya mbele ya mtu pekee ambaye angeweza kumsaidia.

Wanasema sheria inatisha. Namtaka anayesema hivyo aniambie inamtisha nani. Aliyekwisha kukusudia kufa hapigi hesabu ya miaka miwili katika gereza la Ukonga. Hili ni kosa la ajabu ambalo aliyelitimiza hakamatiki na aliyeshindwa ndiye anayefunguliwa jalada. Hofu ya polisi inamfikia mtu wa aina moja tu: yule ambaye moyo umegawanyika, nusu anataka kuondoka na nusu anatafuta mtu wa kumwambia. Huyo ndiye tunayehitaji afungue kinywa, na huyo ndiye anayezibwa na sheria.

Anayetaka ushahidi wa nje na autazame Sri Lanka. Katikati ya miaka ya 1990 kisiwa kile kilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa watu kujiua, na wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mwaka 1998 kosa hilo lilifutwa. Kwa hoja ya wapinzani wangu, mafuriko yalipaswa kufuata. Kilichofuata ni kushuka: ukilinganisha na mwaka 1995, kiwango kilianguka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili iliyofuata. Sidai kwamba kufuta sheria peke yake ndiko kulikoleta hilo. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba kilichobadilisha mambo ni serikali kupiga marufuku viuatilifu vikali vya mashambani, kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi. Lakini hilo ndilo hasa ninalotaka msomaji alione. Serikali ile iliacha kumkamata mkulima ikaenda kukamata sumu. Sisi sumu iko kwenye duka la pembejeo karibu na stendi, inapimwa kwenye chupa ya maji, na tunayemkamata ni mkulima.

Sasa dini, maana ndiko hoja ya wenzangu ilikoota mizizi, na ndiko ninakodhani wameisoma dini yao nusu. Uislamu unaharamisha kujiua, halina mjadala. Aya ya 29 ya Surat An-Nisaa inakataza, na aya hiyohiyo inafungwa kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, ingawa wanaoitaja katika mawaidha aghalabu huishia katikati. Zipo hadithi kali kuhusu adhabu ya anayejiua, na kila mtoto aliyepita chuoni anazijua. Isiyosimuliwa sana imo katika Sahihi ya Imamu Muslim. Tufayl bin Amr wa kabila la Daus alihamia Madina na mtu wa kabila lake. Mwenziwe akaugua huko, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikono yake hadi akafariki. Baadaye Tufayl akamwona ndotoni yuko katika hali njema, ila mikono imefunikwa. Akamuuliza Mola wake amemtendea nini, akaambiwa kwamba amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake kwenda kwa Mtume, lakini kile alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume ndoto ile. Mtume hakutoa hotuba juu ya ukafiri wa marehemu. Alimwombea Mungu aisamehe na mikono yake pia.

Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinadarsishwa katika pwani yetu ya Kishafii tangu zamani, aliieleza hadithi hiyo kuwa ni hoja kwamba aliyejiua hakutoka katika Uislamu. Katika madhehebu hayo maiti wake anaoshwa, anakafiniwa na anasaliwa. Imepokewa pia kwamba Mtume mwenyewe hakumsalia mtu aliyejiua, na wanazuoni wengi wakaifahamu kwamba kiongozi anaweza kujizuia ili iwe onyo, huku Waislamu wengine wakimsalia ndugu yao. Onyo limetolewa, na marehemu hakunyimwa haki yake. Na aliyejaribu akapona? Fiqhi haikumwekea hadi, yaani adhabu maalumu iliyopangwa. Pakistani, nchi inayojiita jamhuri ya Kiislamu na iliyorithi sheria hii kwa Mwingereza yuleyule aliyetuletea sisi, ilikifuta kifungu chake mwezi Desemba 2022. Sijasikia kwamba misikiti ya Lahore imeanza kuhubiri kujiua.

Kwa Wakristo, Mtakatifu Augustino alilifunga suala hili mapema, na Tomaso wa Akwino akalipa sababu tatu: anayejiua anaikosea nafsi yake, anaikosea jumuiya yake, anamkosea Mungu mwenye uhai. Hoja nzito, na bado nazihesabu kuwa nzito. Lakini tazama Kanisa Katoliki lenyewe lilivyosogea. Sheria ya kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha ya wanaonyimwa. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi makubwa ya nafsi, uchungu au hofu nzito huweza kupunguza wajibu wa mtenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Kiongozi wa parokia anayekataa kwenda kwenye mazishi leo anatumia kitabu kilichokwisha kubadilishwa. Na kabla ya vitabu hivyo vyote, Biblia yenyewe inasimulia kwamba Ahithofeli alijiua akazikwa katika kaburi la baba yake. Na Sauli alipoanguka juu ya upanga wake, watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua mwili wake ukutani mwa adui, wakaizika mifupa yake, wakafunga siku saba. Hakuna aliyewakemea.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kufuta kifungu ni kufuta dhambi, nauliza swali dogo. Uzinzi ni dhambi kubwa katika dini zote mbili. Kanuni ya Adhabu haina kifungu cha kumfunga mzinzi. Je, kuna shehe au askofu anayehubiri kwamba Bunge limehalalisha uzinzi? Dhambi haihitaji jalada la polisi ili iendelee kuwa dhambi, na wanaodhani inahitaji wana imani ndogo sana na mimbari zao.

Kuna pia wanaoleta mila. Ni kweli, ziko jamii kandokando ya Ziwa Viktoria ambako aliyejiua alizikwa nje ya boma, gizani, bila kilio, na mti ukakatwa ukateketezwa. Ukali wa kutosha. Lakini ukali ule ulikuwa wa kuwalinda waliobaki na mkosi, na jela haikuwamo. Jela ililetwa na meli. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika na ile ya Kenya zote zilianza kazi mwaka 1930, zikiwa na sheria ambayo kwa Waingereza ilikuwa na historia ya kutisha: hadi mwaka 1823 waliwazika waliojiua njia panda, mara nyingine kwa kuwapigilia mti mwilini, na hadi mwaka 1870 mali zao zilichukuliwa na dola, wajane na yatima wakaachwa mikono mitupu. Wenyewe walichoka. Tarehe 3 Agosti 1961 Bunge lao liliifuta jinai hiyo. Bendera yao iliteremshwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, miezi minne baadaye. Tulipokea kitu ambacho aliyetupa alikuwa amekwisha kukitupa jalalani kwake, na leo tunakiita maadili ya Mwafrika.

Sasa niwageukie walio upande wangu, maana nao wananiudhi. Kuna vijana wa mijini, wasomi, wanaoipinga sheria hii kwa hoja ya mwili wangu, maisha yangu, uamuzi wangu. Wanamtaja John Stuart Mill na kitabu chake cha uhuru cha mwaka 1859. Laiti wangesoma hadi mwisho. Mill huyohuyo anampa msomaji mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu bila kujua kuwa ni bovu: mshike umrudishe, asema, hujamvunjia uhuru, kwa kuwa alichotaka ni kuvuka, hakutaka kuanguka mtoni. Sioni mfano unaofaa zaidi. Kwa sehemu kubwa anayejaribu kujiua anataka kitu fulani kiishe: deni, aibu, maumivu, kelele za kichwani. Kifo anakiona kama njia pekee kwa sababu sonona imemfungia njia nyingine zote. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California aliwafuatilia watu 515 waliozuiwa kujirusha kutoka daraja la Golden Gate kati ya mwaka 1937 na 1971. Takriban asilimia 94 walikuwa bado hai au walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida. Kama ule ungekuwa uamuzi wao wa kweli, thabiti, wa mtu huru, wangeurudia kesho yake. Wengi hawakuurudia maisha yao yote.

Na hapa ndipo ninapoona kichekesho ambacho pande zote mbili hazikioni. Kifungu cha 217 na kauli ya mwili wangu vinakubaliana katika jambo la msingi. Vyote viwili vinamchukulia yule kijana wa kwenye bajaji kuwa mtu mzima aliyekaa, akatafakari, akachagua kwa akili timamu. Mmoja anasema: umechagua vibaya, kwa hiyo tunakushtaki. Mwingine anasema: umechagua, kwa hiyo tunakuacha. Hakuna anayemuuliza kama kweli alikuwa na nafasi ya kuchagua. Mimi namzuia, kwa nguvu ikibidi, kisha simshtaki. Sioni mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Mtu anayezama tunamvuta kwa nywele, na hatumpeleki mahakamani kwa kuingia mtoni.

Mjadala wa Uholanzi na Kanada kuhusu wagonjwa wasio na matumaini ya kupona wanaoomba daktari awasaidie kufa ni mwingine, na siuingizi hapa ili kuongeza vumbi. Nitasema tu kwamba nchi ambazo mgonjwa wa saratani wilayani anakosa hata dawa ya kutuliza maumivu zina deni la kulipa kabla ya kufika huko. Hospice Africa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, imeonyesha kwamba mofini ya maji inaweza kumfikia maskini nyumbani kwake kwa bei ndogo. Wengi wanaosema wanataka kufa wakishatulizwa maumivu huacha kusema hivyo.

Lipo suala la siasa ambalo halisemwi. Sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua ni rahisi kwa serikali: haigharimu kitu, na inahamisha lawama zote kwa mtu mmoja aliyelala wodini. Ukishamwita mhalifu, huna haja ya kuuliza kuhusu mikopo ya kausha damu iliyomfilisi mama ntilie hadi akanyang'anywa masufuria mbele ya wateja. Huna haja ya kuuliza kwa nini mtoto wa kidato cha nne anaona matokeo ya mtihani ni hukumu ya maisha yake, wala kwa nini mwanamume akisema amezidiwa anaambiwa ajikaze. Huna haja ya kueleza kwa nini mtu wa Tunduru mwenye ugonjwa wa akili hana daktari bingwa karibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Idadi kama hiyo haiwezi kuwa ni utovu wa maadili wa mtu mmojammoja.

Pingamizi mbili zilizobaki nazipitia haraka. Wanasema bila kosa hili polisi hawatakuwa na mamlaka ya kumzuia anayetaka kujiua. Si kweli: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 tayari ina utaratibu wa kumpeleka hospitali mtu aliye hatarini hata kama hataki. Wanasema watu watashawishiana kujiua. Kumshawishi au kumsaidia mtu ajiue ni kosa la kifungu cha 216, zito kuliko hili mara nyingi, na hakuna anayeomba kiguswe. Abaki nacho mwendesha mashtaka, akitumie bila huruma dhidi ya wachochezi na wanaowatesa wenzao mitandaoni hadi wakate tamaa.

India iliifuta jinai hii katika kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ikibakiza hali moja finyu tu, ile ya anayejaribu kujiua ili kumshinikiza mtumishi wa umma. Ghana na Malaysia zilifuta mwaka 2023. Nchini Kenya mahakama imetangulia. Tanzania haihitaji kusubiri kesi: mbunge mmoja akipeleka muswada binafsi wenye kipengele cha mstari mmoja, kazi imeanza. Naomba apatikane huyo mbunge. Naomba mashehe na maaskofu watakaoitwa mbele ya kamati wapeleke na hadithi ya Tufayl na Katekisimu ya 1992, pamoja na zile aya za makatazo.

Nawe msomaji, kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye maneno yake yamekupa wasiwasi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa ruhusa ya kulitoa. Kaa naye, mwondolee vya hatari, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu inapokelewa bila malipo, na Tanzania namba 116 ni ya watoto. Na kama anayesoma hapa ni wewe mwenyewe uliyezidiwa, mwambie mtu mmoja leo, sasa hivi, kabla hujafanya jambo lolote. Hujafanya kosa.